Sekunde Ishirini na Tano

Kila siku ya shule, kabla kengele ya asubuhi haijalia, msichana mmoja wa kidato cha pili alikuwa amekwisha kufika, amekwisha kupangusa dawati lake, na ameanza kuwasema waliochelewa. Wenzake walimwita Sekunde. Ukimwambia, "Nisubiri kidogo," alikuuliza kidogo ni dakika ngapi. Nyumbani, mdogo wake alipokawia bafuni, Sekunde alisimama mlangoni akimhesabia kwa sauti, hadi mama yao akasema kwamba mtoto huyu alizaliwa amevaa saa.

Klabu ya mdahalo haikuchelewa kuuona ufundi huo. Ilimpa saa ya kubonyeza na kengele ndogo ya mkononi, ikamfanya mtunza muda. Kila msemaji alikuwa na dakika nne. Dakika ya tatu ikitimia, Sekunde alipiga kengele mara moja, maana yake imebaki dakika moja. Dakika ya nne ikitimia, alipiga mara mbili. Neno lolote lililosemwa baada ya hapo majaji hawakulihesabu, hata liwe la dhahabu.

Rafiki yake mkubwa katika klabu hiyo alikuwa Chiriku. Jina alilipata darasa la kwanza, na hakuna mwalimu aliyewahi kuuliza sababu. Chiriku alijua kusema, tatizo lake lilikuwa kunyamaza. Kwa wiki tatu wawili hao walifanya mazoezi nyuma ya maktaba, Sekunde akigonga kikombe kwa kijiko. Walikubaliana jambo moja: kengele ya kwanza ikilia, Chiriku aache chochote anachosema, hata katikati ya neno, arukie hitimisho. Hitimisho lenyewe lilichukua sekunde hamsini, wala halikuzidi.

Mashindano yalikuja siku ya Ijumaa. Shule jirani ilileta kikosi chake, na mshindi angekwenda fainali. Desturi ya mashindano hayo ni kwamba wenyeji hutoa mtunza muda, na wageni humkubali bila kumchunguza. Hakuna anayechungulia saa yake. Akisema muda umekwisha, umekwisha.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Hoja ilikuwa kwamba shule ya kutwa ni bora kuliko shule ya bweni, na wenyeji waliiunga mkono. Walipokezana vizuri. Msemaji wa mwisho wa wageni, msichana mrefu mwenye miwani, alikuwa anaelekea kumaliza kwa maneno mazito. Saa ikagota dakika nne. Sekunde akapiga kengele mara mbili, msichana yule akakatika katikati ya sentensi, akakaa. Alizipangusa miwani zake kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

Kisha akasimama Chiriku, msemaji wa mwisho kabisa. Alianza kwa kishindo. Watu wakacheka alipotaka wacheke, wakanyamaza alipotaka wanyamaze.

"Sasa jiulizeni," akasema, "mwanafunzi wa bweni akiugua usiku, ni nani..."

Akakwama.

Macho yake yakatazama ukuta wa nyuma kana kwamba maneno yalikuwa yamebandikwa pale na mtu ameyabandua. Ukumbi ukawa kimya. Mtu akakohoa. Sekunde akaitazama saa: dakika mbili na sekunde arobaini. "Sema, Chiriku," alimwomba kimoyomoyo. "Sema chochote." Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe.

Akakibonyeza, saa ikasimama.

Akahesabu kichwani, maana kuhesabu hakukumtoka hata katika kosa. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Alipofika ishirini na tano, Chiriku alimeza mate, akaikamata sentensi yake, akaendelea. Sekunde akabonyeza tena na saa ikatembea. Hakuna aliyeona. Kengele ya kwanza ikalia, Chiriku akarukia hitimisho, akalimaliza kwa heshima zote. Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

Jaji mkuu, mwanamke wakili mwenye sauti ya taratibu, alisoma alama. Wageni sabini. Wenyeji sabini na moja.

Chiriku alimkimbilia Sekunde akamkumbatia hadi kengele ikaanguka. "Tumeshinda! We Sekunde, tumeshinda!"

"Tumeshinda," Sekunde aliitikia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, alijiambia, na mimi nimemfaa. Lakini alipoinua macho alimwona msichana mwenye miwani akipita, na mwenzake mmoja akimlaumu: "Ungewahi kidogo tu! Ulikuwa unangoja nini?"

Jumatatu, kwenye paredi ya asubuhi, mwalimu mlezi wa klabu alisimama na barua mkononi. Ilitoka shule jirani. Waliwapongeza washindi, kisha wakaandika: "Tunamsifu zaidi mtunza muda wenu, aliyetupigia sisi na wenzake kengele bila upendeleo. Tumewaomba waandaaji wampe saa hata siku ya fainali."

Shule nzima ilimpigia makofi. Sekunde alitazama viatu vyake. Uso ulimwaka, na wenzake wakadhani ni haya.

"Tazama, mnyenyekevu!" Chiriku akamtania.

Tangu hapo hakupata raha. Tatizo lake lilikuwa Jumatano. Kila baada ya mashindano, klabu ilikutana, na mtunza muda alisimama akasoma katika daftari muda wa kila msemaji. Mwisho alisema maneno ambayo klabu imeyarithi kwa miaka: "Huu ndio muda. Sikuongeza, sikupunguza." Wanachama wote wakajibu, "Tumeupokea." Kisha mwalimu mlezi huwawekea sauti ya mdahalo aliyoirekodi kwenye simu yake, wajifunze makosa. Je, akitokea mtu wa kuhesabu? Na hata asipotokea, yale maneno atayasemaje?

Jumanne jioni alikaa chumbani kwa mama yake, aliyekuwa fundi cherehani, akichezea mkanda wa kupimia uliokuwa umetupwa chini.

"Huo usiuguse, nataka kuukatakata," mama alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Umezeeka, umevutika. Nilimpimia suruali mwalimu wenu mlezi kwa huo, kitambaa nikakikata kwa rula ya mbao. Ameipata inaishia juu ya vifundo."

Licha ya huzuni yake, Sekunde alicheka. Suruali ile ilikuwa gumzo la shule. "Sasa umefanyaje, mama?"

"Nimemfuata. Nimemwambia, mwalimu, kosa si la miguu yako, ni langu."

"Hakukasirika?"

"Alikasirika sana. Angefurahi ningeshangaa." Mama akasimamisha cherehani, akamtazama. "Na wewe chakula umekiacha tangu jana. Unaumwa, au umefanya jambo?"

Sekunde akafungua mdomo. Kisha akasema ana kazi ya hisabati, akatoka. Mama hakumfuata, ila alimsikia akigeukageuka kitandani.

Jumatano ilifika, na ilikuja upesi. Klabu ilikutana katika chumba cha sayansi, kati ya meza zenye madoa ya tindikali. Wanachama walikaa juu ya viti virefu wakining'iniza miguu. Mwalimu mlezi aliweka simu yake mezani.

"Mtunza muda," akasema, "tusomee."

Sekunde akasimama. Alisoma msemaji wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Alifika mstari wa mwisho.

"Chiriku. Dakika tatu na sekunde hamsini."

Wakangoja maneno ya mwisho. Midomo ya wengine ilikuwa tayari kujibu. Sekunde akalishika daftari kwa mikono miwili.

"Huu ndio muda," akaanza. "Siku... siku..."

"Sikuongeza!" mmoja akamsaidia kwa kicheko.

"Niliongeza," Sekunde akasema.

Kicheko kikakatika. Chiriku aligeuka polepole kwenye kiti chake.

"Chiriku alipokwama, nilisimamisha saa. Sekunde ishirini na tano. Nilihesabu." Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya daftari. "Wageni sikuwaongezea hata moja."

"Unasema uongo," Chiriku akanong'ona. "Mwalimu, anasema uongo, amechanganyikiwa tu."

Mwalimu mlezi hakumkaripia yeyote. Aliichukua saa mezani, akatafuta katika simu mahali Chiriku alipoanza kusema, akabonyeza vyote viwili kwa pamoja. Sauti ya Chiriku ikajaza chumba. Ikafika pale ilipokwama. Kimya kile, ambacho siku ya Ijumaa kilionekana kifupi, sasa kilikuwa kirefu mno. Kikohozi kikasikika. Sauti ikarudi, kengele ikalia, hitimisho likaanza. Halafu, Chiriku akiwa bado katika sentensi zake tamu za mwisho, mwalimu akaizima simu.

"Dakika nne," akasema. "Yaliyofuata hayakuwa yetu."

Alitoka nje kumpigia simu jaji mkuu. Walimwona kupitia dirisha akisikiliza, akitikisa kichwa, akisikiliza tena. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Jaji ameondoa alama mbili za hitimisho ambalo halikukamilika ndani ya muda. Sisi sitini na tisa. Wao sabini. Wanakwenda fainali."

Baadhi walishika vichwa. Mmoja alimtupia Sekunde jicho baya. "Msaliti. Ungenyamaza tu!"

Lakini aliyeruka kitini alikuwa Chiriku, na hakuwa anazungumzia kunyamaza.

"Kengele!" akapiga kelele. "Nilikuwa naingoja kengele! Nilipokwama nilijiambia, basi, nisimame tu hapa, Sekunde atapiga, nitarukia hitimisho. Tulifanya mazoezi wiki tatu! Ikawa hailii. Nikaogopa, nikalazimika kutafuta maneno. Ulikuwa umeishika wewe!"

Sekunde akapiga hesabu, na hesabu ikamkata maini. Chiriku alikwama zikiwa zimebaki sekunde ishirini kengele ya kwanza ilie. Kama asingeigusa saa, kengele ingelia Chiriku akiwa bado amekwama. Ingemwokoa.

"Hata ingelia, usingemaliza," mwenzao mmoja akasema kwa shaka.

"Nipeni nafasi," Chiriku akajibu. "Mwalimu, naomba. Sasa hivi."

Mwalimu mlezi akaiweka saa. Chiriku akasimama mbele ya ubao, akarudia hotuba yake tangu mwanzo, akisimama kimya mahali palepale alipokwama. Mwalimu akapiga kengele ilipotimia dakika ya tatu. Chiriku akaachia kila kitu, akarukia hitimisho, akalisema lote kwa sauti iliyokuwa inatetemeka kwa hasira. Alipofunga mdomo, mwalimu aliwaonyesha saa. Dakika tatu na sekunde hamsini. Zilibaki kumi.

Hakuna aliyepiga makofi. Wote walielewa kwamba fainali ilikuwa yao, na wameipoteza. Sekunde alilia kwa kwikwi, bila kujificha.

"Haihesabiki, Chiriku," mwalimu akasema kwa upole. "Kanuni hupima yaliyosemwa, si yale ambayo yangesemwa."

Kisha akamgeukia Sekunde. "Mpaka mwisho wa muhula hutashika saa. Kesho tutakwenda pamoja shule jirani, na utamwomba radhi yule msichana mwenye miwani kwa kinywa chako. Umeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Lakini kaa, nikwambie na jingine, na ninyi nyote sikieni." Alivuta kiti akaketi, na suruali yake ikapanda hata zaidi, ila siku hiyo hakuna aliyecheka. "Barua ile ilikuwa kichaka kizuri cha kujificha. Shule nzima ilikuwa inakupigia makofi. Umetoka mwenyewe, na hilo si jambo dogo. Ila usidhani kosa lako lilikuwa kuwadhulumu wageni peke yao. Ulimwonea rafiki yako huruma, ukadhani unamfaa. Kumbe msaada wake ulikuwa mkononi mwako tayari, nao ni kuifanya kazi yako kwa haki. Ulipomdanganyia, ulimnyang'anya nafasi ya kushinda kwa uwezo wake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, kweli. Lakini udanganyifu haumfai mtu, hata ukifanywa kwa mapenzi."

Walitawanyika bila mizaha ya kawaida. Sekunde alifunga madirisha ya chumba, akapanga viti, akakuta Chiriku amesimama nje ya mlango na mkoba begani. Walitembea hadi lango la shule bila neno. Kwa Chiriku, hilo lilikuwa jambo la kuogofya.

"Nisamehe," Sekunde akasema mwishowe.

"Nitakusamehe," Chiriku akajibu, macho yake yakiwa barabarani. "Lakini si leo."

"Lini?"

Chiriku akamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu mchana, pembe ya mdomo wake ilitikisika kidogo.

"Usinipimie muda," akasema. Akashika njia yake ya nyumbani, na Sekunde akamfuata hatua chache nyuma, bila kuhesabu.