Sentimita Saba za Pimapima

Kila asubuhi kabla ya shule, Pimapima alimsaidia mama yake, mwoka mikate, kupaka mafuta vikebe vya kuokea. Wenzake walimbandika jina hilo kwa kuwa alipima kila kitu, hata mkia wa paka. Leo, siku ya wazazi shuleni, mama alimkabidhi donge la unga wenye hamira na zabibu kavu la kupeleka darasani.

"Usije ukaniaibisha mbele ya wazazi wenzangu," alimtania.

Darasani, mwalimu wa sayansi aliwaeleza wazazi kwamba ulimwengu unatanuka, na makundi ya nyota yanaachana kama zabibu ndani ya unga unaoumuka. Kwa kasi gani? Kundi la kwanza la wanafunzi lilikuwa limepima donge mapema, kabla wageni hawajafika, likakokotoa kwamba kwa saa moja zabibu mbili zingeachana kwa sentimita sita. Kundi la Pimapima lilisubiri saa ipite, likaweka rula.

Saba.

"Leo maji yamezidi unga!" rafiki yake alimnong'oneza. "Andika sita, tufanane nao. Kwani nani atajua?"

Pimapima alimtazama mama yake pale nyuma, akaingiwa na woga. Alipima tena, na tena.

"Rula imeshasema," alijibu. "Mimi ni nani niipinge?" Akaandika saba ubaoni.

Mzazi mmoja aliangua kicheko. Kundi la kwanza likarudia hesabu. Ikatoka sita vilevile. Pimapima alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hata wataalamu wa nyota wamekwama hapo," mwalimu alisema akitabasamu. "Wanaokokotoa kutoka kwenye mwanga wa kale wa ulimwengu wanapata kasi ndogo. Wengi wanaopima nyota za karibu zaidi wanapata kubwa. Wamerudia miaka na miaka."

"Basi nani mwongo?" mzazi yule aliuliza.

"Hakuna. Kuna jambo ambalo bado halijaeleweka."

Pimapima alifuta jasho. Ghafla akanyoosha mkono. "Mwalimu! Hesabu ilifanywa darasa likiwa tupu na baridi. Sasa tumejaa, kuna joto, na unga huumuka haraka penye joto!"

"Umepata la kuchunguza! Kesho tutapima na joto pia," mwalimu alisema. "La ulimwengu bado linawasubiri ninyi. Wanangu, mngeandika sita kwa hofu, swali hili lingekufa leo. Namba ya kweli msiionee haya, hata ikiwa peke yake."

Mama alisimama, aproni yake imejaa unga.

"Huyo wa saba ni wangu," aliwatangazia wote, wakiwemo ambao hawakuuliza.