Pete Iliyobaki na Ukungu

"Ipulizie tena," shangazi alimwamuru sonara.

Sonara akaisogeza pete yangu ya harusi mdomoni, akapuliza. Jiwe likashika ukungu, na ukungu ule ukachelewa kuondoka.

"Mama, hata nikipuliza mpaka jioni jibu ni hilo hilo. Almasi haikai na ukungu. Dhahabu nimeipima, ni safi kabisa. Ila jiwe hili ni kioo."

"Umesikia?" Shangazi akanigeukia. Baba alikuwa kaka yake, wakanilea pamoja, na tangu baba afariki neno lake ndilo la mwisho nyumbani. "Harusi Jumamosi, mtu anakuvisha kipande cha chupa! Mpigie. Asipokuwa na jibu, hakuna harusi."

Nikampigia mchumba wangu.

"Niko kwa sonara na shangazi. Amepima pete. Anasema jiwe ni kioo."

Akasema, "Nakuja. Msiondoke."

"Aje na chupa iliyobaki," shangazi akaguna.

Alifika anahema, koti la kazi bado mwilini. Yeye ni fundi miwani, duka lake liko mtaa wa pili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, tapeli."

"Uliniambia hakuna jiwe kama hili duniani," nikasema, machozi yakinilenga.

"Na kweli hakuna. Unakumbuka siku ya kwanza ulipoingia dukani kwangu?"

Ningesahau vipi? Nilipeleka miwani ya baba, lenzi moja imepasuka.

"Nilimwekea lenzi mpya. Ile ya zamani nikaihifadhi kwenye droo, basi tu, kwa sababu uliileta wewe. Mzee alipotutoka, ulilia kwamba hataiona harusi yako. Nikakata sehemu iliyobaki nzima, nikaisaga mwenyewe. Nilitaka kukwambia Jumamosi. Alikutazama kwa kioo hicho tangu uko shule. Nikaona akutazame na siku hiyo."

Nikamshika mkono, nikaung'ang'ania.

Sonara akakohoa kidogo. "Sasa mama, niandike thamani gani kwenye cheti cha pete?"

Shangazi aliichukua pete, akaigeuza geuza kwenye mwanga wa taa ya mezani.

"Andika dhahabu tu. Hili la katikati ni la kwetu." Kisha akamtazama mchumba wangu. "Mwanangu, nimekuita tapeli mbele za watu. Nisamehe. Na ahsante. Ahsante sana."

"Yameisha, shangazi."

"Hayajaisha. Jumamosi usichelewe!"

Hakuchelewa. Ila kabla hajanivisha pete, shangazi aliinuka kwenye kiti chake, akaiomba. Akaipulizia, akaifuta kwa pindo la mtandio taratibu, vile vile baba alivyokuwa akifuta miwani kabla ya kusoma gazeti.

"Haya, kaka," akanong'ona. "Tazama vizuri."