Sanduku la Mchezo wa Colette

Kila asubuhi Orpa alimsaidia mama yake, Mama Kabedi, kupeleka unga wa mihogo soko la Likasi. Shule ilikuwa imefungwa, maana walimu walikuwa wamegoma kwa kukosa mishahara. Kwa hiyo, wakishamaliza kupanga unga mezani, Orpa alikimbilia barazani kwa jirani yao, Yaya Colette; "yaya" ndivyo watoto walivyowaita kaka na dada wakubwa.

Colette alikuwa msichana mkubwa aliyesoma shule ya mbali, huko Mulungwishi, naye pia alikuwa amerudi nyumbani kwa sababu ya mgomo. Alikuwa amebuni mchezo wa ajabu. Kila mchezaji alichukua kadi yenye picha ya mtu: muuguzi, mvuvi, fundi au mwindaji. Colette alifungua ramani na kusimulia: "Mmefika mto Lufira. Daraja limekatika, na mgonjwa yuko ng'ambo. Mnafanya nini?" Wachezaji walijibu, wakarusha kete, na kete ikaamua kama wamevuka au wamesombwa na maji. Orpa hakuwahi kuona mtu mwenye kipaji kama kile.

Kaka yake Colette, Germain, alitengeneza masanduku ya katoni na kuuza mchezo huo sokoni. "Mchezo mzima ndani ya sanduku moja!" alipaza sauti. Mama Kabedi alimpa beseni la unga, akachukua sanduku moja kwa ajili ya Merdi, mdogo wake Orpa, aliyekuwa amevunjika mguu na hakuweza kufika barazani.

Merdi alilifungua kwa furaha. Ramani ilikuwemo, na kete pia. Kadi za watu hazikuwemo.

"Sasa minye niko nani?" aliuliza, machozi yakimlengalenga.

Orpa alirudi sokoni mbio.

"Kadi zinauzwa peke yake," alisema Germain.

"Lakini Yaya, ulisema mchezo mzima!"

"Weye ungali mtoto. Hiyo ndiyo biashara. Nikisema yote, nani atanunua?"

Orpa aliondoka amevimba kwa hasira. Mchezo ungekuwa mbaya, angeutupa na kuusahau. Kilichomuuma ni kwamba ulikuwa mzuri mno.

Rafiki yake Jessy alipopata habari, alisema, "Twende tuwaambie watu wote kwamba mchezo huo hauna maana."

"Hapana," alijibu Orpa. "Huo nao utakuwa uongo."

Akaenda kwa Colette. Hakutaka kumwumiza mtu anayempenda. Alimweleza yote. Colette aliweka chini brashi aliyokuwa akichorea kadi.

"Nilimsikia akitangaza hivyo," alisema polepole. "Nikanyamaza, kwa sababu masanduku yalikuwa yanatoka haraka. Nisamehe, mdogo wangu."

Alimpa Orpa kadi za Merdi azipeleke kwanza nyumbani. Kisha wakaenda wote wawili kwa Germain, na Colette akamwambia asiuze tena sanduku lisilo na kadi.

"Rangi ni ghali!" Germain alifoka. "Na nisipowavuta watu kwa maneno, watapita tu."

"Yaya, minye nilivutwa na mchezo, si maneno," alisema Orpa. "Tucheze hapahapa, watu waone."

Colette akatandika ramani juu ya meza. Alipofika penye daraja lililokatika, wapita njia walikuwa wamesimama kuwazunguka. "Mufunge kamba kwenye mti!" alipiga kelele muuza mkaa mmoja. Orpa akarusha kete, wakavuka, na watu wakashangilia kama vile mgonjwa yule ni ndugu yao.

Germain alitazama nyuso zile. Kisha akasimama juu ya kiti. "Aliyepata sanduku bila kadi, arudi achukue zake. Nilikosea." Wengine walimkaripia, naye akavumilia. Wengi wao hawakuondoka. Walibaki wakimsikiliza Colette.

Mama Kabedi, aliyekuwa akitazama toka kwenye meza yake, aliwasogelea.

"Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. "Germain, dada yako ametengeneza kitu kizuri, nawe ulikitembeza kama kibaya. Mnunuzi akidanganywa, hata asali huiona chungu. Nawe Orpa, umefanya vema: ulikataa uongo wa muuzaji, ukakataa na uongo wa kulipiza kisasi. Ukipenda kazi ya mtu, mwambie ukweli ili kazi yake isiharibike."