Dufu la Zarnigar kwenye Msumari

Kambale mmoja mnene alikuwa amelala juu ya barafu katika Soko la Taza, na watu wawili walikuwa wamemshika kwa pamoja, mmoja kichwani na mwingine mkiani.

"Dada, mwachie. Mimi nilimwona kwanza," alisema kijana wa mkiani.

"Kumwona si kumnunua, kaka."

"Na wewe unampikia nani samaki mkubwa hivi?"

"Shangazi yangu. Anakula kama askari."

Kijana akacheka. "Basi tugawane. Nyama yote chukua wewe. Mimi nataka ngozi tu."

Hapo Ulker, yule binti wa kichwani, akamtazama vizuri. Kijana alivaa koti la sufu la kahawia, na kwenye kola kulikuwa na vumbi la mbao ambalo hakuna mtu wa nyumbani aliyempangusia. Ulker mwenyewe alikuwa amejitanda mtandio wa hariri wa zambarau, wa marehemu bibi yake, na ncha zake upepo wa baharini ulikuwa unazichezea kila mlango wa soko ulipofunguliwa.

"Ngozi ya samaki ya nini?"

"Natengeneza madufu. Naitwa Teymur."

Ulker akakiachia kichwa cha samaki. Akamwambia kwamba nyumbani kwao kulikuwa na dufu lililopasuka ngozi tangu mwenyewe alipofariki, na hakuna fundi aliyethubutu kuligusa.

"La nani hilo?" Teymur aliuliza.

"La bibi yangu. Zarnigar Khanim."

Muuza samaki akasimamisha kisu. Akajifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Zarnigar yule yule? Baba yangu alimuoa mama yangu yeye akiimba. Hadi leo wakigombana, mzee anaweka santuri yake, wanapatana." Samaki akawapa bure, wala hakutaka kusikia habari ya pesa.

Ndivyo walivyojuana. Teymur alilichukua dufu, na tangu siku hiyo simu haikutulia.

"Ulker wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe umejipangusa kola?"

"Naliacha lile vumbi makusudi. Nasubiri mkono wa mtu."

"Utasubiri sana."

Ulker alicheka kwenye simu, na akishaikata alikaa akijishika koo. Maana alikuwa na sauti ya bibi yake, ile ile, na wakubwa wa jumba la muziki walikuwa wamekwisha kumwomba aimbe siku ya kumbukumbu ya marehemu. Lakini alikuwa pia na hofu aliyoirithi kwa bibi yake.

Zarnigar alipoolewa, alikuwa binti anayeanza kusikika redioni. Mama mkwe alilipokea lile dufu kwa mikono miwili, akalitundika kwenye msumari, akalifunika kitambaa cheupe. "Ni kwa muda tu, mwanangu," alimwambia. Muda ule ulikwenda mpaka mume akafa na mama mkwe akazikwa. Zarnigar alipolishusha dufu, nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Sifa zote ambazo watu wanazijua, makofi, maua, madereva kusimamisha gari wamsikilize, zilikuja baada ya hapo. Yeye alimwambia Ulker jambo moja tu kuhusu miaka ile: "Wao walikunywa chai tamu, mimi nikameza sauti yangu."

Kwa hiyo Teymur aliposema mama yake na mjomba wake watakuja kuposa, Ulker alifurahi na kuogopa kwa pamoja.

Kabla ya siku yenyewe alipita karakanani kwa Teymur, kwenye chumba cha chini cha nyumba yao, akitaka kuliona dufu. Mlango ulikuwa wazi, mwenyewe katoka. Alichungulia. Dufu la bibi yake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, juu kidogo ya cherehani ya mama yake Teymur, na lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe.

Ulker alikimbia mpaka viatu vikamchubua. Simu iliita njia nzima, hakuipokea. Wala hakumwambia shangazi yake, kwa sababu jambo analoliogopa mtu hivyo haoni hata pa kulianzia.

Wageni wakaja. Sebuleni jamu ya cheri iliwekwa, na karanga, na zabibu kavu. Jikoni shangazi Mahbuba alishika sinia, glasi zimejaa chai nyekundu.

"Niweke sukari?"

"Usiweke."

"Ulker, mtoto. Nikiwapelekea chai bila sukari nimewaambia binti hatutoi, nendeni salama."

"Najua, shangazi."

Mahbuba akamtazama usoni, akaona midomo imekauka, akaliacha bakuli la sukari, akaondoka na sinia. Simu ikaita palepale.

"Mpenzi, mama kanitumia ujumbe. Anasema chai chungu kama dawa ya minyoo." Teymur alijaribu kutania.

"Uko wapi?"

"Uani kwenu, garini. Si unajua mposaji haruhusiwi kupanda na wazee wake? Ulker, nimekosa nini?"

"Nililiona dufu. Kwenye msumari. Limefunikwa."

"Ngozi mbichi inatundikwa ikauke, roho yangu. Nikiilaza inajikunja. Kitambaa ni cha vumbi."

"Bibi yangu naye aliambiwa ni kwa muda tu."

"Sawa," alisema Teymur. "Maneno yangu hayatakutosha." Mlango wa gari ukagonga.

Ulker akalifungua dirisha, akachungulia. Teymur alilitoa dufu lile lile ndani ya koti, alikokuwa amelikinga na baridi. Alikuwa amekwisha kulipasha moto kwenye hita ya gari, maana ngozi ya samaki ikinywa unyevu hulegea. Akasimama katikati ya ua, akapiga. Madirisha ya majirani yakaanza kufunguka.

"Utaniaibisha, Teymur."

"Nimeshajiaibisha mwenyewe. Imba, mama akusikie kabla posa haijapokelewa. Akikukataa, akukatae leo ukiwa kwenu."

Ulker aliegemea dirishani, upepo ukamjaa kifuani, akaanza, na sauti ikakatika. Akaanza tena. Mara hii ilipanda, ikapita paa na waya za nguo.

Alipomaliza, aliingia sebuleni bila kuitwa, jambo ambalo binti hafanyi. Firangiz Khanim, yaani Bi Firangiz, mama yake Teymur, alikuwa amekaa wima ndani ya koti jeusi la kola ya manyoya, glasi mkononi.

"Mama," Ulker alisema, "nikija kwenu nitaimba?"

Firangiz alitazama chai yake.

"Nikisema siogopi nitakudanganya. Harusi zinakwisha usiku. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Nilizoea kumngoja dirishani, na usiku mmoja nikamngoja mpaka asubuhi, hakurudi tena. Hilo ndilo naliogopa, mwanangu. Sauti yako haina kosa."

Ulker hakuwa amefikiri kwamba na huyu mama naye anaogopa.

"Nitakupigia nikifika," alisema. "Na nikitoka."

"Kila mara?"

"Kila mara, mama."

"Basi ukaimbe." Akasogeza glasi mezani. "Ila chai hii siwezi kuimaliza hivi."

Ulker alilibeba bakuli la sukari mwenyewe. Akaitia kwenye glasi, nyingine ikamwagika kwenye kitambaa cha meza, wala hakuna aliyeipangusa. Dirisha lilikuwa bado wazi. Kule uani dufu lilikuwa limenyamaza, kama mtu aliyezuia pumzi, mpaka kijiko cha Firangiz kilipogonga ndani ya glasi.