Mpira Mwembamba wa Chujio

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, Tiyamike alifungua chumba cha sayansi cha shule yao pale Mangochi, kando ya ziwa, ili kuwaangalia samaki wa tangi la kioo lililokuwa mezani. Walikuwa kumi na wanane, wa buluu na wa njano, waliotolewa kwenye miamba ya ziwa. Chini ya meza kulikuwa na chujio, kopo kubwa lenye pampu, mfuniko na mipira miwili: mmoja ulishusha maji machafu, mwingine uliyarudisha tangini yakiwa safi.

Jumatatu hiyo samaki wote walikuwa juu, wakihema midomo wazi. Maji yaliyozoea kurudi kwa kishindo yalikuwa yakichuruzika tu.

"Wongani!" Tiyamike alisema kwa hasira.

Nani mwingine? Ijumaa, yeye akitoka, alimwona Wongani, mwanafunzi mwenzake, akiingia humo peke yake, kitu amekificha ndani ya shati. Tena ni huyo huyo aliyeshindwa na Tiyamike katika kura ya usimamizi wa tangi. Kweli, Ijumaa hiyo Tiyamike naye alibadilisha mpira wa kurudishia maji, maana ule wa zamani ulipasuka nchani. Madam Msukwa, mwalimu wao wa sayansi, alikataza kugusa chujio bila yeye. Lakini si mpira tu? Alioupata ulikuwa mwembamba, akauloweka kwenye maji ya moto mpaka ukaingia. Haukuvuja hata tone.

Asubuhi yote hakubandua macho kwa Wongani. Akicheka, anamcheka yeye. Akinyamaza, ana siri. Alimfuata hadi karibu na choo. Kipindi cha sayansi kilipofika, uvumilivu ulimwishia.

"Umelifanya nini chujio?" alimuuliza mbele ya darasa zima.

"Chujio gani tena?"

"Usijifanye! Ijumaa uliingia na kitu shatini."

"Mwizi wa samaki huyo!" mtu alidakia, darasa likaangua kicheko.

Wongani alitoa daftari, uso umemshuka. Ndani alikuwamo samaki mmoja, amechorwa mara nyingi, kidevu kimetuna. "Ana mayai mdomoni, huyatunza humo mpaka yaanguliwe. Nilikuwa namchora. Nilijua mtanicheka."

Madam Msukwa alifungua chujio. Sponji za kuchujia zilikuwa safi. Kisha akaushika mpira. "Huu umetoka wapi?"

Watu wote wakamgeukia Wongani. Hakuna aliyemwona Tiyamike akiubadilisha.

"Ni mimi, Madam," alisema hatimaye.

Madam alileta saa na ndoo ya lita kumi. Kwa mpira mwembamba, ndoo ilijaa kwa dakika mbili na sekunde ishirini. Akaukata ule wa zamani pale ulipopasuka, akaurudisha. Sasa ndoo ilijaa kwa sekunde arobaini tu!

"Pampu ni ile ile," alieleza. "Mpira mwembamba unayabana maji, nguvu inaishia njiani. Maji yasipozunguka, samaki wanakosa hewa."

"Nisamehe, Wongani," Tiyamike alisema mbele ya wote.

"Sawa. Ila chooni usinifuate tena, dada."

Mpaka saa ya kwenda nyumbani, samaki walikuwa wameshuka kwenye mawe ya chini ya tangi, pamoja na yule mama mwenye mayai.

"Kukosea mpira ni jambo la kurekebishwa," Madam alimwambia Tiyamike. "Lakini ulilificha kosa lako, ukamchunguza mwenzako tangu asubuhi, na mpira hukuutazama hata dakika moja. Siku nyingine anza na ulichokifanya wewe, ukiseme mapema. Ungefanya hivyo leo, samaki hawa hawangeteseka, wala Wongani hangeaibishwa."