Keki ya Bwana Hamira

Mtaa mzima ulimwita Bwana Hamira, maana alikuwa mwoka mikate, na mikate yake ilikuwa laini kama pamba. Kazi hiyo ina kungoja kwingi. Ukishakanda unga, unaufunika na kusubiri uumuke. Siku hizo Bwana Hamira alisubiri huku kainamia simu.

Binti yake alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi. "Baba, keki ya arusi utanipikia wewe," alimwambia. "Sitaki ya dukani."

Baba mtu alikubali kwa mbwembwe, ingawa keki ya ghorofa hakuwahi kupika. Akaazima kitabu cha mapishi maktaba, akakiweka juu ya rafu. Kikakaa huko.

Asubuhi moja alifunika unga, akafungua simu atazame video moja tu ya keki. Moja ikaleta ya pili, ya pili ikaleta ya paka anayecheza muziki. Alipozinduka, unga ulikuwa umeumuka kupita kiasi, ukanywea. Mikate ikatoka bapa.

"Mume wangu, hii ni mikate au kandambili?" aliuliza mkewe.

Jirani yao, mkutubi wa maktaba, alikuwa amekuja kununua mkate. Alicheka, kisha akauliza, "Na kitabu je?"

"Video nimetazama nyingi, jirani. Najua."

"Haya. Keki ya juu utaizuiaje isididimie kwenye ya chini?"

Bwana Hamira akakitupia jicho kitabu juu ya rafu. Aliona aibu, na kwa mara ya kwanza akaogopa kumwaibisha mwanawe mbele ya wageni.

"Simu haina kosa," mkutubi alisema. "Lakini video ikiisha, nyingine inaanza. Hupati nafasi ya kufikiri. Kitabu kinakungoja. Usipoelewa, unarudi nyuma. Mshika mbili moja humponyoka, jirani. Unga ukiumuka, soma. Kazi ikiisha, tazama simu kwa muda uliojipangia."

"Nipe hiyo simu niiweke," alisema mkewe.

"Na mtu akipiga?"

"Nitapokea. Kwani mimi bubu?"

Mwanzoni ilikuwa taabu. Macho yalirukaruka, mkono ulienda mfukoni wenyewe. Lakini alizoea, hata akawa anamsomea mkewe kwa sauti. Alijaribu keki ndogo, ikabonyea katikati. Akarudi kitabuni, akaona kosa: alifungua tanuri mapema. Akajifunza pia kuchomeka vijiti imara vya kubeba keki ya juu. Jioni alipewa simu yake, akacheka na paka wake wa video, kisha akaizima.

Siku ya arusi keki ilisimama wima, ghorofa mbili. Binti alionja, akamkumbatia baba yake, naye Bwana Hamira machozi yakamlengalenga kwa furaha.

"Baba, toa simu utupige picha!"

Bwana Hamira akajipapasa mifuko yote. "Loo! Nimeisahau nyumbani."

Mkewe alimshika paji la uso, aone kama ana homa.