Zamu ya Usiku Kwenye Mizani

Hilda aliambiwa asiende. Aliambiwa na mama yake mzazi, mchana kweupe, pale pale mlangoni kwao Miyuji.

"Kinu kilichomla kaka yako," mama alisema, "wewe unafuata nini huko?"

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Jua lilikuwa limeanza kuinama, ule upepo wa kiangazi cha Dodoma unawajaza watu vumbi mdomoni, na binti wa watu akapanda bodaboda na kompyuta yake mgongoni. Huyoo, Msalato.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, wala haikustahili ugomvi. Mzee Bartolomayo alikuwa na kinu cha kukamua alizeti, na mizani ya kinu ilikuwa imeunganishwa na seva. Karani anaingia kwa jina lake, gunia linapimwa, uzito unakwenda kulala kwenye kanzidata. Sasa seva ilikuwa imejaa, na tangu asubuhi hiyo imegoma. Hilda alijua ugonjwa wake kabla hata hajaigusa. Ni logi.

Maana seva ya kanzidata, jamani, ni mbea asiyechoka. Inaandika kila kitu kwenye faili zake za logi: nani kaingia, kaagiza nini, saa ngapi. Hata ukiandika upuuzi ambao yenyewe haiuelewi, itakukatalia, halafu itauandika upuuzi wako kama ulivyo, na jina lako pembeni. Ndiyo maana faili hizo hupokezana. Moja likijaa linafungwa, linafunguliwa jipya, na la zamani kabisa linafutwa. Usipofanya hivyo, umbea unajaa mpaka seva inakosa pa kuvuta pumzi. Pale kinuni hakuna aliyewahi kufanya hivyo.

Na hilo ndilo lililomvuta Hilda. Luka, kaka yake, alikuwa karani wa mizani hiyo. Mwaka jana alikutwa ameegemea kibodi, wa baridi. Hospitali hawakuona ugonjwa, hawakuona jeraha. Wakazika. Mama yao akagoma kuanua matanga, akaendelea kulala kwenye mkeka sebuleni mpaka leo, anasema jambo lile lile kila asubuhi: "Niliyemzika si mwanangu. Mwanangu kachukuliwa."

Hilda alikuwa amesoma chuo. Alijiambia hiyo ni huzuni tu, mama anahitaji muda. Lakini moyoni kulikuwa na kitu kinamkwaruza. Saa ya mwisho ya Luka ilikuwaje? Kama kuna aliyeiandika, ni ile seva. Na kama yeye hataenda, ataenda fundi mwingine, afute, na mama afe akiwa kwenye mkeka ule bila jibu.

Alifika kinuni jua likiwa jekundu. Harufu ya mashudu ya alizeti ilimpokea getini, nzito, tamu kidogo, ya kuchefua. Wapakiaji walishaondoka. Kwenye kiti cha mizani alibaki Zaitun, mama mmoja wa Kondoa mwenye mtandio wa kijani, na alikuwa anakusanya vitu vyake kama mtu aliyesikia king'ora.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Fanya haraka, mdogo wangu. Fanya uende."

"Zamu ya usiku anapokea nani?"

Pale kinuni, makarani walikuwa na desturi yao. Zamu haikabidhiwi kwa kuondoka tu. Aliyeko kazini anatoa salamu, anayeingia anaitikia, na salamu ikishaitikiwa, kiti na kila gunia lililopo ni vya aliyeitikia. Walianzisha hivyo ili kusiwe na kutupiana lawama. Luka alishamsimulia Hilda mambo hayo mezani, akicheka. Lakini Zaitun hakumpa mtu salamu hiyo. Alitazama kiti alichotoka kukalia, akashusha sauti.

"Huyo wa usiku hatujuani naye. Sisi tukija asubuhi tunakuta magunia yamepimwa." Akavuta mtandio. "Mimi nina watoto. Kwaheri."

Akatoka mbio mbio, kiatu kimoja hakijakaa vizuri.

Mzee Bartolomayo alimpeleka Hilda kwenye chumba cha seva, kijumba cha vioo juu ya ghala, unakoona mizani chini. Alikuwa mzee mpole, mwembamba, sauti yake kama ya mtu aliye kwenye chumba cha mgonjwa.

"Faili hizo za zamani, binti, futa zote. Usizifungue. Weka zijifute zenyewe kila siku."

"Mzee, lazima nione kwanza kinachozijaza."

"Futa tu," alinong'ona. "Nakuomba."

Akashuka ngazi taratibu. Hilda akasikia ufunguo ukizunguka mlango wa chini. Akajiambia mzee anaogopa wezi, maana Msalato siku hizi imejaa wageni.

Akajifungulia akaunti kwa jina lake, kama mafundi wanavyofanya. Akaseti faili zipokezane. Za zamani hakuzifuta, alizihamishia kwenye kompyuta yake ili seva ipate nafasi. Kisha akafungua faili la leo, akaliacha liwe linajiandika mbele ya macho yake.

Nje adhana ya magharibi ilisikika kwa mbali, ikaisha. Taa za uwanja wa ndege wa Msalato zikawaka. Halafu mstari mmoja ukatokea kwenye skrini.

luka ameingia.

Hilda akacheka kidogo, kicheko kibaya. Wajinga hawa! Mtu amekufa na hawajafunga akaunti yake, anaitumia yeyote anayetaka. Akainuka, akachungulia chini kwenye kioo.

Kiti cha mizani kilikuwa kitupu.

Puu! Gunia likatua juu ya mizani. Hakuna aliyelibeba. Taa ya mizani ikawaka, vitufe vya kibodi vikabonyea kimoja kimoja... ta... ta... ta... na kwenye skrini ya Hilda mstari ukaongezeka: luka amepima gunia. Harufu ikapanda kutoka ghalani. Haikuwa alizeti tena. Ilikuwa pumba za mahindi zilizolowa, na jasho la mtu asiyeoga.

Akakaa. Akataka kupiga kelele, lakini mstari mwingine ukaja, huu wa kosa. Seva ilikuwa imekataa neno isilolielewa, na ikaliandika kama lilivyo.

luka: mbukwa.

Yesu wangu! Salamu ya Kigogo, salamu ya nyumbani. Hilda akarudi nyuma kwenye faili la jana. Luka, magunia, na neno lile moja. Juzi, hivyo hivyo. Wiki iliyopita, mwezi uliopita. Kila usiku mtu asiye na ulimi alikuwa anasalimia, na kila usiku seva inamkatalia na kumwandika, na hakuna binadamu anayesoma. Machozi yakamtoka Hilda. Mama! Mama alikuwa anasema kweli! Luka yuko hapa, kafanywa msukule, analishwa pumba, anapimishwa magunia usiku kucha, na sisi tulimcheka mama.

Skrini ikaandika tena.

luka: mbukwa.

Sasa sikilizeni, na msimlaumu. Mtoto aliyelelewa na mama yule hakuwahi kuachia salamu ipite. Ukipita mbele ya mtu bila kuitikia, kipindi kile, unafinywa sikio mpaka nyumbani. Tena huyu hakuwa mtu wa barabarani. Vidole vya Hilda viliitikia kabla kichwa hakijauliza.

Mbukwa.

Akabonyeza. Seva ikakataa, kama kawaida yake, na ikaandika: hilda: mbukwa.

Kule chini kila kitu kikasimama. Hata upepo ulikoma kugonga mabati. Kwenye skrini mstari ukaanza kuja polepole, kama mtu aliyeamka usingizini na hajui yuko nyumba gani.

luka: hilda?

Halafu haraka, herufi zikikanyagana.

luka: toka

luka: toka toka

luka ametoka.

Basi. Hakuandika tena.

Hilda aliita jina la kaka yake kwa sauti. Aliandika maswali, uko wapi, nikufuateje. Hakuna. Ndipo akakumbuka kilichomleta. Akaenda kwenye faili za mwaka jana, akatafuta siku ile ya msiba, akakosea mara kadhaa. Akaipata. Luka amepima gunia. Luka amepima gunia. Na katikati yake, kwenye jioni ile ile, jina asilolijua.

apolinari: mbukwa.

Na chini yake tu, kwa sababu na yeye alilelewa na mama yule yule:

luka: mbukwa.

Apolinari akatoka. Hakuonekana tena kwenye faili lolote. Na Luka, aliyezikwa kesho kutwa yake huku Hilda akirusha udongo kwa mkono wake mwenyewe, alianza usiku ule ule wa salamu kupima magunia na hakuacha.

Hilda alielewa. Alielewa mpaka kwenye mifupa.

Akaruka kuelekea mlangoni. Au alidhani ameruka. Miguu ilibaki pale chini ya meza, mizito kama si yake. Ngazi ikalia. Mzee Bartolomayo akasimama mlangoni na taa ya mkononi, akaiangalia skrini, kisha akamwangalia yeye. Uso wake haukuwa na furaha wala ushindi. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka.

"Umemjibu?"

"Nimeitikia tu salamu, mzee."

Mzee akafumba macho.

"Nilikwambia ufute. Nilikwambia usifungue." Akanong'ona zaidi. "Kitu hiki mimi sikukiweka hapa. Nilinunua kinu, nikakikuta. Apolinari alirudi kwao, hasemi, lakini alirudi. Na kaka yako atakuwa amefika kwenu saa hizi."

"Nifungulie mlango," Hilda alisema. Yalikuwa maneno yake ya mwisho, na hata hayo yalitoka kama upepo.

Kama mzee alisema kweli, anajua Mungu wake. Wapo Msalato wanaoapa kwamba ndiye mwenye kitu, wapo wanaosema kitu ndicho chenye mzee. Alichofanya ni kuzima taa, kurudi chini na kuacha mlango wa juu wazi, kana kwamba hauna tena haja ya kufungwa.

Simu ikaita mfukoni. Mkono wa Hilda ukaweza kuitoa, ukaweza kubonyeza.

"Hilda! Hilda mwanangu!" Mama alikuwa analia na kucheka pamoja, na nyuma yake majirani wanapiga vigelegele. "Mungu si Athumani! Kaka yako yuko hapa! Luka! Kasimama uani, kakonda, hasemi neno, lakini ni yeye, nimemshika, ni wa moto! Nilisema mimi! Sikusema?"

Na Hilda alifurahi. Hilo lazima lisemwe. Furaha ilimpanda kifuani hata akasahau alipo. Alifungua mdomo kumwambia mama, ulisema kweli, nisamehe, njoo unichukue.

Ulimi haukuwepo.

"Haloo? Hilda? Wanisikia?"

Alimsikia. Alimsikia vizuri kabisa. Alisikia hata mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini.

"Mtandao wa huko nao! Mwenzako anakunakuna ukuta, analia, ananionyesha barabara ya Msalato, sijui anataka nini. Njoo wewe umtulize. Mkeka nimeshaukunja, mwanangu. Nimesonga ugali wa uwele na mlenda, na leo hatuli mpaka ufike."

Simu ikakatika. Kule ghalani gunia likatua juu ya mizani, na mikono ya Hilda ikaanza kuandika uzito wake.